Je, wajua? Hamira ikikosa potasiamu, chakula chake huigeuka

Anayepika mahamri Malindi hana haja ya kuijua habari hii. Kilo moja ya unga mweupe wa ngano ina takriban gramu 1 ya potasiamu, tui la nazi linaongeza yake, na hamira inajikuta karamuni. Unga usipoumuka, kosa litafutwe kwingine: maji yalikuwa moto mno, au hamira imekaa dukani hadi imechoka. Lakini itie hamira hiyo hiyo kwenye maji yenye sukari, fosfeti, vitamini na amonia, kisha uinyime potasiamu peke yake, nayo haitasinzia tu kwa njaa. Itaanza kudhuriwa na amonia, ambayo siku zote ilikuwa chakula chake cha nitrojeni.

Jibu limo mlangoni mwa seli. Ndani ya seli ya hamira mna potasiamu nyingi, kwa kawaida milimoli 200 hadi 300 kwa lita (milimoli ni sehemu ya elfu ya moli, kipimo cha wingi wa chembe), hata kama nje mna chembe tu. Potasiamu hiyo husawazisha chaji hasi za DNA, RNA na fosfeti, huishikilia seli isinywee, na baadhi ya vimeng'enya havifanyi kazi vizuri bila hiyo. Kuiingiza ni kazi ya hatua mbili. Kwanza pampu iitwayo Pma1 hutumia nishati ya seli kusukuma protoni nje, na ndani kunabaki na umeme hasi. Kisha umeme huo huivuta potasiamu, yenye chaji chanya, ipite kwenye protini za Trk1 na Trk2. Jeni ya Trk1 ilitengwa mwaka 1988, na ndiyo mlango mkuu. Potasiamu ikiadimika, Trk1 huanza kuishika ile iliyo chache sana majini, kama mvuvi anayebadilisha wavu wa matundu makubwa kwa ule wa dagaa.

Sasa tazama ukubwa. Ayoni (chembe yenye chaji) ya potasiamu na ya amonia zinakaribiana mno kwa ukubwa, na zote zina chaji chanya moja. Potasiamu ikiwa tele, yenyewe huijaza njia na amonia hupita kwa kiasi. Ikiwa haba, njia za potasiamu zimebaki wazi, umeme wa ndani unavuta kwa nguvu, na aliyejazana nje ni amonia. Inaingia kupita mahitaji. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha kwamba hamira yenye potasiamu haba hudhurika amonia inapokuwa nyingi, na kwamba huipunguza kwa kuifunga ndani ya asidi amino na kuzitoa nje. Yaani kiumbe chenye njaa kinatupa asidi amino zile zile ambazo kingejengea protini zake.

Sodiamu nayo hupenya kwa hila ya namna hiyo, ingawa ayoni yake ni ndogo zaidi. Seli ina pampu ya kuitoa, Ena1, lakini pampu hiyo inakula nishati. Kwa hiyo kinachoumiza ni uwiano wa sodiamu na potasiamu kuliko sodiamu yenyewe. Maji ya bahari, yale yanayoanikwa kwenye mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Marereni, yana takriban gramu 10.8 za sodiamu kwa kila kilo na gramu 0.4 tu za potasiamu. Visima vingi vya karibu na ufuo vimeingiliwa na maji hayo, jambo ambalo timu ya wanafunzi itakayoyajaribu haya maabarani italikumbuka kwa uchungu isipokuwa makini na maji ya jaribio.

Jaribio lenyewe linawezekana katika maabara ya kawaida yenye hadubini na mizani ya miligramu. Ugumu wake ni kuizuia potasiamu isiingie kwa mlango wa nyuma. Mchanganyiko wa chakula cha hamira unaouzwa tayari haufai, kwa sababu fosfeti yake ni ya potasiamu. Tengenezeni wenyewe. Kwa lita moja: sukari nyeupe gramu 20 (sukari guru imejaa potasiamu), fosfeti ya sodiamu yenye hidrojeni mbili, NaH2PO4, gramu 0.88, salfeti ya magnesiamu yenye maji saba gramu 1, kloridi ya kalsiamu gramu 0.1, na chembe tu za chumvi za chuma, zinki na shaba. Someni lebo ya fosfeti: ikiwa fuwele zake zimeshika molekuli mbili za maji, pimeni gramu 1.15. Vitamini ni biotini mikrogramu 2, thiamini, piridoksini na pantotheneti mikrogramu 400 kila moja, na inositoli miligramu 2. Msiziruke. Bila hizo hamira itasimama, nanyi mtaisingizia potasiamu. Wala msizibadilishe kwa dondoo ya hamira, kwani hiyo ni potasiamu ya kijiko.

Maji yawe yaliyokenekwa. Maji ya betri yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri yanaweza kutumika, mradi mhakikishe ni maji ya kujazia na si asidi, kwa maana chupa zinafanana. Maji ya mfereji hapana, na ya kisima msiyaguse kabisa. Kiwango cha asidi kipimwe kwenye sampuli iliyomiminwa pembeni: kipimo cha kioo kimejazwa kloridi ya potasiamu kali ndani yake, na huvuja kidogo kidogo kila kinapochovywa. Wengi humtafuta mchawi wa jaribio lao wiki nzima, kumbe anakaa mle.

Gaweni mchanganyiko katika chupa nne za mililita 250, kila moja mililita 100. Mbili zipate salfeti ya amonia, gramu 0.5 kila chupa. Mbili zipate prolini, gramu 0.1 kila chupa, asidi amino inayoipa hamira nitrojeni isiyopitia njia za potasiamu. Katika kila jozi, chupa moja, ya shibe, ipate mililita 1 ya kloridi ya potasiamu ya moli 1 kwa lita (gramu 74.55 katika lita), ambayo hufanya milimoli 10 kwa lita. Nyingine, ya njaa, ipate mililita 1 ya myeyusho huo huo uliozimuliwa mara 100, na itakuwa na milimoli 0.1 kwa lita. Msiweke sifuri kwenye jozi hizi. Pasipo potasiamu kabisa hamira haikui kwa nitrojeni yoyote, na tofauti mnayoitafuta itajificha. Chupa ya sifuri iwe ya tano, kwa kupima usafi wa kazi yenu: seli zikiendelea kuongezeka humo siku ya pili, kuna potasiamu inayovuja kutoka mahali.

Hamira ya pakiti isimwagwe moja kwa moja. Gramu 100 za hamira kavu hubeba karibu gramu 1 ya potasiamu, hivyo gramu moja ndani ya lita huleta takriban milimoli 0.25, zaidi ya mara mbili ya chupa yenu ya njaa. Iamsheni kwenye maji ya nyuzi 38 hadi 40, kwa sababu kwenye maji baridi utando wa seli kavu huvuja. Ikuzeni usiku kucha kwenye mchanganyiko wenye potasiamu nyingi, kisha iosheni mara tatu kwa maji yaliyokenekwa. Hesabuni kwa hadubini, muanze na seli 100,000 kwa mililita. Seli hizo huchangia mikromoli 1 au 2 tu kwa lita, kiasi cha kupuuza.

Zibeni midomo kwa pamba, tikiseni chupa mfululizo kwenye nyuzi 28 hadi 30. Joto la Malindi karibu linatosha bila mashine. Kutikisa si hiari, maana hamira haiwezi kuitumia prolini bila oksijeni. Hesabuni kila saa mbili siku ya kwanza, halafu saa ya 24 na ya 48. Changanyeni tone la sampuli na tone la rangi ya methilini bluu: seli hai huiondoa rangi, iliyokufa hubaki buluu.

Msitarajie hamira isimame papo hapo. Seli iliyoshiba ina akiba ya milimoli 300 kwa lita. Ikigawanyika hubaki 150, ikigawanyika tena 75. Kizazi cha kwanza au cha pili hupita karibu kawaida, na timu inayopima kwa saa nne tu itaandika kwamba njaa haina athari. Puto la kupima gesi nalo ni mtego: seli iliyoacha kugawanyika bado inaweza kuchachusha sukari na kulijaza. Mnachopima ni ukuaji, basi hesabuni seli.

Kwenye kusoma majibu, msilinganishe amonia na prolini moja kwa moja. Prolini hukuza polepole hata potasiamu ikiwa tele. Gawanyeni idadi ya mara seli za chupa ya njaa zilivyoongezeka maradufu kwa idadi ya mara zilivyoongezeka maradufu katika chupa ya shibe, kwa muda ule ule, ndani ya jozi ile ile. Sehemu hiyo ikiwa ndogo zaidi kwenye amonia kuliko kwenye prolini, hiyo ni dalili kwamba amonia ndiyo inayoumiza. Zikilingana, huenda ni ukosefu wa potasiamu wenyewe.

Atakayetaka kuiokoa chupa ya njaa kwa madafu atafanikiwa, kwani mililita 1 ya maji ya dafu ndani ya mililita 100 huongeza takriban milimoli 0.6 za potasiamu kwa lita. Lakini dafu lina sukari na asidi amino pia, kwa hiyo sambamba nayo iwepo chupa iliyookolewa kwa kloridi ya potasiamu ya kiasi hicho hicho, na nyingine iliyopewa kloridi ya sodiamu.