Baba, usikiache kidonge: kuishi na matibabu ya saratani ya titi kwa mwanaume

Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya titi, takriban mmoja ni mwanaume. Kwa kuwa ni wachache, karibu kila kitu cha ugonjwa huu kimeandaliwa kwa ajili ya akina mama: mabango ya kampeni ya saratani ya titi ya kila Oktoba, vipeperushi, hata maswali ya kwenye fomu. Mzee anatoka Bahi au Kongwa, huku kwetu Dodoma, na barua yake ya rufaa mkononi, anakaa kwenye benchi lililojaa wanawake, na mtu wa mapokezi anamuuliza kwa nia njema kabisa, "Baba, mgonjwa wako yuko wapi?" Mgonjwa ni yeye.

Makala haya si ya dalili, ila nitazitaja haraka kwa anayesoma akiwa hajapimwa. Uvimbe mgumu usiouma, mara nyingi nyuma ya chuchu, chuchu iliyoingia ndani, kidonda juu yake kisichopona, damu au majimaji yanayotoka, uvimbe kwapani. Titi la mwanaume likijaa si lazima iwe saratani. Ugonjwa wa ini, pombe nyingi, na dawa kama spironolaktoni au efavirenzi huweza kulijaza. Anayeamua ni maabara, baada ya kinyama kuchukuliwa kwa sindano na kupimwa. Jirani haamui, na mganga haamui.

Ninayetaka kuzungumza naye hasa ni yule ambaye majibu yake yameshatoka na matibabu yameanza. Wanaume ni wagumu wa kuja kliniki, lakini wakishafika wengi husimama imara: wanaingia chumba cha upasuaji, wanavumilia dripu, wanakwenda Dar es Salaam kwenye mionzi. Kisha wanaishia njiani kwenye kidonge kimoja cha kila siku, tamoksifeni. Nitakirudia kidonge hicho kwa kirefu, kwa sababu ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya kinga ya ugonjwa usirudi.

Tuanze na kisu. Kwa wanaume wengi titi lote huondolewa pamoja na chuchu, kwa kuwa nyama yenyewe ni ndogo na uvimbe hukaa karibu na chuchu. Tezi za kwapani nazo hupimwa, na zikiwa na ugonjwa hutolewa. Unarudi nyumbani na kovu refu kifuani, pengine na mrija wa kutoa majimaji kwa siku kadhaa, na bega lililokaza. Bega hilo lisipofanyishwa kazi litaganda. Mtaalamu wa fiziotherapia akikuruhusu, simama ukiutazama ukuta, weka vidole, vipandishe taratibu kama mjusi anavyopanda, mpaka mahali unapohisi mvuto. Weka alama ya mkaa hapo. Kesho jaribu kuivuka. Ukuta wa udongo unafaa sawa na wa tofali.

Mkono wa upande ulioondolewa tezi una uwezekano wa kujaa maji, hata miaka kadhaa baadaye, kwa sababu njia za majimaji zimepungua. Kwa mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi hili ni la kazini kabisa. Msimu wa kupogoa, mkasi unateleza, waya wa kichanja unachana kidole, na mkato ambao zamani ungeupuuza sasa unaweza kuleta maambukizi makali. Vaa glavu na shati la mikono mirefu. Ukijikata, osha kwa maji na sabuni hapo hapo, usingoje jioni. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na umevimba, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Lakini pia usiufunge mkono ukaukalia. Nimeona wazee wanaokatazwa na watoto wao hata kubeba kikombe, na hilo ni kosa la upendo. Kazi nyepesi inayoongezwa kidogo kidogo inausaidia. Jembe la kutifua shamba zima ndilo lisubiri.

Dripu za kemotherapia si kila mwanaume huzihitaji. Ukubwa wa uvimbe, hali ya tezi na majibu ya maabara ndivyo vinavyoamua. Ukipangiwa, mara nyingi ni kila baada ya siku 21. Ile dawa nyekundu, doksorubisini, hubadilisha rangi ya mkojo kuwa nyekundu au ya chungwa kwa siku moja au mbili. Huo si mkojo wa damu, na ningependa kila mgonjwa aambiwe kabla hajaingia chooni akapata mshtuko.

Katika kipindi hiki, kitu kimoja nakisisitiza kuliko vingine. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu hushuka sana na mwili hauna walinzi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati huo ni dharura. Huku kwetu mtu akipata homa wazo la kwanza ni malaria, na dawa mseto iko duka la jirani. Usinunue ukameza ukasubiri kesho. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na sentensi ya kwanza kutamka mlangoni iwe, "Natumia dawa za saratani, nina homa." Malaria watakupima hapo hapo, lakini maambukizi ya bakteria kwa mtu asiye na chembe nyeupe yanaweza kuua kwa saa chache.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Vidonda vya mdomoni vikianza, mlenda ni rafiki: laini, hauchomi, unashuka na ugali wa uwele au wa mtama bila vita. Maziwa yachemshwe, hata kama yametoka kwa ng'ombe wako mwenyewe asubuhi hiyo. Zabibu zioshwe kwa maji safi ya kutiririka. Mitishamba unayotumia au uliyoletewa, mwambie daktari bila kuogopa kugombezwa, maana baadhi yake huumiza ini wakati ini tayari lina kazi ya kusafisha dawa. Na kama bado una umri wa kupata watoto, tumia kondomu kipindi chote cha dripu, na muulize daktari ni lini unaweza kuacha, kwa sababu dawa hizi huharibu mbegu.

Mionzi kwa mtu wa Dodoma imekuwa kwa miaka mingi ni safari ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na tatizo la mionzi ni kwamba hutolewa kidogo kidogo, siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu hadi tano. Mchomo wenyewe ni dakika chache na hauumi. Kinachochosha ni kukaa mjini wiki zote hizo. Kabla hujaondoka, zungumza na afisa ustawi wa jamii wa hospitali iliyokupa rufaa kuhusu gharama na malazi, na hakikisha karatasi zako za bima ziko sawa. Usiyafanye hayo ukiwa umeshafika Dar. Alama za wino watakazokuchora kifuani usizifute. Ngozi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, bila kusugua, na usipake mafuta wala poda kabla ya kuingia kwenye mashine.

Sasa kidonge.

Wanaume nao wana estrojeni. Mwili huitengeneza kutokana na testosteroni, hasa kwenye mafuta ya mwili. Takriban saratani 9 kati ya 10 za titi la mwanaume zina vipokezi vya homoni hiyo, yaani zinakula estrojeni na kukua. Tamoksifeni hukaa kwenye kipokezi hicho. Estrojeni ikifika, inakuta nafasi imeshikwa. Kwa hiyo baada ya upasuaji, dripu na mionzi, unapewa miligramu 20 kila siku kwa miaka mitano, na kwa baadhi ya wagonjwa daktari huongeza hadi kumi. Hicho ndicho kidonge kinachozuia zile chembe chache za saratani ambazo huenda zimejificha zisipate chakula.

Mtaani kuna maneno kwamba ni kidonge cha akina mama na kwamba kinamgeuza mtu. Hakimgeuzi. Madaktari hutumia tamoksifeni hiyohiyo kupunguza matiti yaliyojaa kwa wanaume wasio na saratani kabisa. Anayekiacha kwa kuogopa kuwa mwanamke anaacha dawa kwa sababu isiyokuwepo.

Sababu zilizopo ni nyingine. Joto la ghafla linapanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho linatoka, na dakika chache baadaye limepita. Oktoba na Novemba, jua la Dodoma lilivyo kali, hali hii huchosha. Shati la pamba linasaidia, na kupunguza pombe na chai ya moto yenye viungo kunasaidia. Usiku lala karibu na dirisha. Joto likizidi, zipo dawa za kulipunguza, lakini zichaguliwe na daktari anayejua unatumia tamoksifeni, kwa kuwa baadhi ya dawa za sonona, ambazo hutumika pia kwa joto hili, hasa fluoksetini na paroksetini, huipunguzia nguvu. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguza zaidi, tena kwa kiasi kikubwa sana. Ukianzishiwa dawa za TB, sema mapema unatumia kidonge gani ili wataalamu wa pande zote mbili wapange pamoja.

Uzito huongezeka kwa baadhi. Wengine hukasirika haraka, au hukaa kimya siku nzima na nyumbani hakuna anayejua kwa nini. Na wengine nguvu za kiume hupungua. Hili la mwisho ndilo linalofanya vidonge vibaki kwenye kabati. Karibu hakuna mgonjwa anayelisema akiwa amekaa kitini. Ameagana na mimi, amesimama, ameshika kitasa cha mlango, ndipo anageuka: "Dokta, na lile jambo jingine la nyumbani…" Sasa tumezoea. Tunamwambia arudi akae.

Likikutokea, usiende kununua unga wa nguvu za kiume unaouzwa stendi au kwenye mtandao, na usikubali sindano ya testosteroni. Testosteroni hiyo mwilini hugeuka estrojeni, na hapo unamlisha adui uliyekuwa unamnyima chakula. Zipo dawa za tatizo hilo zisizo na homoni, na daktari anaweza kukupa akishaangalia moyo na dawa zako nyingine. Kama mambo bado ni mazito, tunaweza kuzungumza kuhusu kubadilisha matibabu. Mimi niko radhi kukusikiliza dakika 20 juu ya chumba chako cha kulala kuliko kukupokea miaka miwili baadaye ugonjwa ukiwa umefika kwenye mifupa. Na mama watoto aje naye. Mara nyingi anadhani umempata mwingine.

Hatari nyingine ya kidonge hiki, ambayo haitokei kwa wengi lakini ni kubwa inapotokea, ni damu kuganda kwenye mishipa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi ikakata ghafla na kifua kikachoma, nenda hospitali mara moja. Safari ndefu za kukaa huongeza uwezekano huo. Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 450. Ukiwa kwenye basi, shuka kila linaposimama na utembee, na kunywa maji hata kama unaogopa kubanwa na haja ndogo. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya miji hii mwaka 2024 ina faida kwamba unaweza kusimama na kutembea kwenye korido wakati wowote.

Kumeza kila siku kwa miaka mitano ni suala la mazoea, si la ujasiri. Kifunge kidonge na jambo usilolikosa. Mgonjwa wetu mmoja wa Mpwapwa hukimeza taarifa ya habari ya saa 2 usiku inapoanza, na anasema sasa hata mjukuu wake humkumbusha redio ikishalia. Ukisahau, meza utakapokumbuka siku hiyohiyo, lakini usimeze viwili kwa pamoja kufidia jana. Nenda kuchukua vingine kabla pakiti haijaisha, kwa sababu wiki ya "nitakwenda Jumatatu" hugeuka mwezi. Ukitaka kuacha kwa sababu yoyote ile, njoo useme kwanza. Hatutakugombeza.

Kliniki ya kuangaliwa, hata ukijisikia mzima, ni kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka ya mwanzo. Tutakupapasa kovu, upande wa pili na kwapa zote mbili. Wewe mwenyewe jipapase mara moja kwa mwezi unapooga. Maumivu ya mgongo yasiyoisha, kikohozi kisichopona, kupungua uzito bila sababu, au kipele kigumu kwenye kovu, usivisubirishe tarehe ya kadi.

Jambo la mwisho linawahusu watoto, na wazee wengi hulipita. Sehemu ya saratani za titi kwa wanaume hutokana na hitilafu ya kurithi, hasa kwenye jeni iitwayo BRCA2. Mzazi mwenye hitilafu hiyo, kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Kwa binti huongeza uwezekano wa saratani ya titi na ya ovari, kwa kijana wa kiume huongeza ile ya tezi dume na hii ya titi. Watu wengi huuliza habari za ukoo wa mama peke yake, na binti anajibu kwa moyo safi kwamba kwao hakuna, huku baba yake amekatwa titi na familia imeambiwa ni "jipu la kifuani". Kama kulisema mbele ya kikao cha ukoo ni kugumu, mchague mmoja, binti mkubwa au shangazi yao, umwambie jina kamili la ugonjwa na umri uliokuwa nao ulipogundulika. Siku daktari atakapowauliza, wawe na cha kujibu.