Gazeti la Serikali na namba ya GN: maana yake na jinsi ya kuisoma

Gazeti la Serikali ni chapisho rasmi ambamo Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania hutangaza sheria, kanuni, amri, sheria ndogo za halmashauri na taarifa nyingine zinazotakiwa kisheria kutangazwa. Hutoka kila Ijumaa, na matoleo maalumu hutoka inapobidi. Mwenye kulichapa ni Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Halibebi habari wala makala, na ndiyo maana watu wengi huishi karibu na matokeo yake bila kulishika hata siku moja.

Nguvu yake inatokana na Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Muswada uliosainiwa na Rais ni sheria tayari, lakini huanza kutumika siku unapochapishwa gazetini, isipokuwa pale sheria yenyewe au nyingine inapotaja siku tofauti. Kanuni, amri na sheria ndogo nazo sharti zichapishwe humo. Waziri akitamka jambo kwenye mkutano wa hadhara pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, au redioni, ametoa taarifa tu. Kama jambo hilo linahitaji kanuni au amri, halijamfunga mtu mpaka litoke gazetini.

Hapa ndipo mwananchi wa Arusha au Moshi anapoguswa zaidi, kwenye ushuru. Baraza la madiwani likipitisha sheria ndogo ya ada za soko au maegesho, safari bado. Wananchi wanapaswa kupewa nafasi ya kutoa maoni, kisha rasimu inakwenda kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na akiiridhia ndipo inapochapishwa na kupewa namba ya GN (Government Notice), yaani Tangazo la Serikali. Anayedaiwa ada mpya ana haki ya kuuliza: hiyo ni GN namba ngapi, na ya mwaka gani? Kumjibu kwamba "baraza lilishapitisha" hakutoshi. Ofisi ya mwanasheria wa halmashauri inapaswa kuijua namba hiyo, na kwa maoni yetu ingefaa ibandikwe kwenye kila lango la soko.

Katika maandishi ya Kiswahili GN utaiona pia kama T.S. au TS, kifupi cha Tangazo la Serikali. Namba huanza upya kila Januari, kwa hiyo namba isiyo na mwaka haina kazi. Ukiambiwa "GN 687" peke yake utahangaika bure, kwa kuwa zaidi ya mwaka mmoja una ya kwake. Ukiambiwa GN 687 ya 2022, unafika moja kwa moja kwenye Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka huo.

Amri hiyo hiyo inafundisha jambo la pili: tangazo huwa na tarehe mbili. Lilichapishwa mwishoni mwa 2022, lakini viwango vilianza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Mfanyakazi wa hoteli anayehesabu malimbikizo kuanzia tarehe iliyo juu ya ukurasa atakosea hesabu, na mwajiri atamshinda kirahisi. Tafuta ibara ya kuanza kutumika, kwa kawaida iko mwanzoni kabisa. Halafu angalia kama kuna tangazo la baadaye lililorekebisha au kufuta hilo ulilonalo. Marekebisho hutoka peke yake, hayachanganywi ndani ya maandishi ya zamani, na hapo ndipo hata watu wa ofisini hunaswa.

Gazeti lenyewe lina sehemu kuu na nyongeza. Sehemu kuu hubeba Taarifa za Kawaida, ambazo zina mfululizo wao wa namba, tofauti na wa GN. Sheria za Bunge, miswada, na kanuni, amri na sheria ndogo ziko kwenye nyongeza, kila kundi na yake. Anayepakua sehemu kuu peke yake huona kurasa chache na kudhani kanuni anayoitafuta haikutoka.

Kwenye Taarifa za Kawaida ndiko kuna matangazo ya hati za ardhi zilizopotea, na haya yanastahili umakini wa kila familia yenye kiwanja. Hati ikipotea, mwenye nayo huripoti polisi, hula kiapo, kisha huomba hati mpya kwa Msajili wa Hati. Msajili hutangaza gazetini kwamba anakusudia kutoa hati nyingine kama hakuna pingamizi ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya tangazo. Kagua jina, namba ya hati, kiwanja na kitalu kabla tangazo halijapelekwa. Tarakimu moja ikikosewa, ni kiwanja cha mtu mwingine kilichotangazwa. Na ndugu mwenye mgogoro wa mirathi anayengoja kusikia habari mtaani anaweza kukuta mwezi umekwisha.

Kuchapishwa hakufanyi tangazo lisiguswe. GN 421 ya 2022, iliyotangaza Pori Tengefu la Pololeti wilayani Ngorongoro, ilibatilishwa na Mahakama Kuu jijini Arusha Septemba 2023 kwa sababu mashauriano yanayotakiwa na sheria hayakufanyika.

Kupata nakala si kazi ngumu kama zamani. Mahakama ya Tanzania huweka sheria na matangazo mengi bure kwenye tovuti ya TanzLII, na nakala za karatasi huuzwa na Mpigachapa Mkuu. Kama ofisi ya umma inashikilia waraka unaouhitaji, andika ombi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Sheria Zilizofanyiwa Urekebu (yaani zilizopitiwa na kupangwa upya), Toleo la 2023, zilianza kutumika 1 Julai 2025, hivyo namba za vifungu katika vitabu vya zamani zihakikiwe upya.

Wafanyabiashara wanaopitisha mizigo Namanga na Holili wanahitaji gazeti jingine pia: la Jumuiya ya Afrika Mashariki, linalotolewa hapa hapa Arusha. Viwango vya ushuru wa forodha ambavyo nchi imeruhusiwa kuvitumia tofauti na wenzake hutangazwa humo, kwa kawaida mwishoni mwa Juni, kabla mwaka wa fedha haujaanza 1 Julai. Mwulize wakala wako wa forodha namba na tarehe ya tangazo hilo kabla hujaagiza mzigo, maana hotuba ya bajeti pekee haikubaliki mpakani.