Je, Wajua? Kwa Nini Wanamuziki wa Jazi Hubuni Papo Hapo na Bado Hawapotezani

Tuchukue kundi la wanamuziki watano wa jazi ambao hawajawahi kupiga pamoja. Mmoja anataja jina la wimbo, mwingine anahesabu mpaka nne, nao wanaanza. Mpiga saksafoni anatoa mfululizo wa sauti ambao haujaandikwa popote, mpiga piano anampokea, na baada ya dakika nane au kumi wote wanamaliza kwa pamoja, bila karatasi na bila kiongozi wa kupunga kijiti. Walijuaje pa kwenda? Jibu fupi ni kwamba hawakuwa wakienda popote: muda wote huo walikuwa wakizunguka njia ile ile, na kila mmoja alijua mzunguko umefika wapi.

Jazi inayozungumzwa hapa ni ile iliyochipuka New Orleans, kusini mwa Marekani, miongoni mwa Wamarekani Weusi, karibu na mwanzo wa karne ya 20. Bendi zetu za dansi zilizojiita Morogoro Jazz au Tabora Jazz ni habari nyingine, na nzuri pia.

Dhana iliyoenea kuhusu suala hili ina pande mbili zinazoegemeana. Upande mmoja unasema kuwa muziki wa klasiki wa Ulaya umeandikwa wote, na kazi ya mpigaji ni kutii karatasi. Upande wa pili unasema kuwa jazi haina karatasi, hivyo mpigaji hupiga chochote kinachomjia. Pande zote mbili zina kasoro, na ule wa kwanza una kasoro kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Mwaka 1747 mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach alipoitembelea kasri ya Frederick wa Pili, mfalme wa Prusia, huko Potsdam, alipewa melodi fupi asiyoijua, akaketi kwenye kinanda na kuijengea papo hapo fyuga ya sauti tatu, yaani utunzi ambamo melodi moja hufukuzana na nafsi yake. Watunzi Mozart na Beethoven walisifika enzi zao kwa kubuni mbele ya hadhira kama walivyosifika kwa kuandika. Katika koncheto, utunzi unaomkutanisha mpigaji mmoja na okestra nzima, palikuwa na mahali ambapo okestra hunyamaza na mpigaji huyo huachiwa uwanja atambe. Sehemu hiyo huitwa kadenza, na kwa desturi ilikuwa ni yake kuibuni. Mozart hakutuachia kadenza ya koncheto yake ya piano ya mwaka 1785, ile yenye namba 466 katika orodha ya kazi zake, na wapiga piano wengi leo hutumia iliyoandikwa baadaye na Beethoven. Beethoven huyo huyo, katika koncheto yake ya tano aliyoikamilisha mwaka 1809, aliandika agizo kwamba mpigaji asiingize kadenza yake mwenyewe bali aendelee na kilichoandikwa. Mtu hakatazi jambo ambalo hakuna anayelifanya. Kwa nini desturi hiyo ilififia katika karne ya 19 ni suala linaloelezwa kwa njia kadhaa, kama vile kuenea kwa muziki uliochapishwa na heshima iliyozidi kwa mtunzi, wala hakuna sababu moja inayotosha peke yake. Kwa wapiga ogani wa makanisa ya Ufaransa haikufa kamwe.

Upande wa pili wa dhana nao haukai vizuri. Mpiga tarumbeta Louis Armstrong alirekodi "Cornet Chop Suey" Februari 1926, na msikilizaji angeapa kuwa anachokipiga kimezaliwa studio siku ile. Kumbe muziki huo, ulioandikwa kwa mkono wake, ulikwisha kusajiliwa mjini Washington, ili kulinda haki yake ya utunzi, Januari 1924, na sehemu kubwa ya anachokipiga imo humo. Waliochunguza rekodi za mpiga saksafoni Charlie Parker wamekuta vifungu vifupi vinavyorudi tena na tena, vikipangwa upya kila mara. Kubuni, basi, si kuumba kila sauti kutoka hewani.

Anayejua malumbano ya washairi wa Kiswahili tayari ana nusu ya maelezo. Mshairi anayemjibu mwenzake kwa tarbia hatungi atakavyo: ubeti una mishororo minne, kila mshororo kwa kawaida una mizani kumi na sita zilizogawanyika nane kwa nane, na vina havina budi kurudi mahali pake. Maneno ni yake, hoja ni yake na kejeli ni yake, lakini umbo si lake, na akimaliza ubeti mmoja huanza mwingine wenye umbo lile lile. Nyimbo nyingi zilizopendwa na wanajazi zina umbo la namna hiyo. Zina vipimo 32, na kila kipimo ni kifungu cha mapigo manne; vipimo hivyo hugawanywa katika vipande vinne vya vipimo vinane. Kipande cha kwanza, cha pili na cha nne hufanana, ilhali cha tatu, kiitwacho daraja, huondoka kidogo nyumbani ili kurudi kwake kusikike. Mahali pa vina panachukuliwa na miafaka, yaani mikusanyo ya sauti tatu, nne au zaidi zinazolia pamoja, ambayo hufuatana kwa utaratibu maalumu. Melodi ya wimbo hupigwa mara ya kwanza, kisha huwekwa kando, lakini utaratibu wa miafaka hubaki na kuzunguka upya, na kila mzunguko ni ubeti mmoja wa mpigaji anayebuni, ambaye mishororo yake mipya haina budi kutua penye vina. Tofauti ni kwamba mshairi anaweza kulala na jibu lake mpaka kesho, ilhali mpiga saksafoni mara nyingi hana hata dakika moja. Kwa upande mwingine, yeye anasaidiwa, kwa kuwa piano na besi chini yake zinaendelea kumtajia vina bila kukoma.

Msaada huo ndio unaowafanya wasipotezane. Besi hutembea pigo kwa pigo na kukanyaga sauti ya msingi ya kila mwafaka. Mpiga ngoma hutia mbwembwe kidogo kipande cha vipimo vinane kinapokwisha. Na aliyepoteza hesabu husubiri daraja, kwa sababu hapo miafaka hubadilika waziwazi. Wakati wa kufunga ukifika, kiongozi hugusa utosi wake, na wote huirudia melodi ya mwanzo.

Mfano ulio wazi zaidi ni rekodi ya "Body and Soul" aliyoifanya mpiga saksafoni Coleman Hawkins mjini New York tarehe 11 Oktoba 1939. Melodi ya wimbo huo, uliotungwa mwaka 1930, inasikika kidogo tu mwanzoni, kisha Hawkins anaiacha kabisa na kupiga mizunguko miwili kamili, vipimo 64, vya muziki wake mwenyewe. Hata hivyo wimbo haujaondoka. Anayeujua anaweza kuuimba kimya kimya juu ya saksafoni yake na kufika mwisho pamoja naye.

Utaratibu wa miafaka ulijitegemea kiasi kwamba ulianza kukopwa peke yake. Tarehe 26 Novemba 1945 Parker na wenzake walikuwa wakirekodi "Ko-Ko", iliyojengwa juu ya miafaka ya wimbo wa zamani zaidi uitwao "Cherokee". Katika jaribio la kwanza, lililohifadhiwa, wanasikika wakianza kupiga melodi yenyewe ya "Cherokee", kisha wanakatizwa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya fedha: melodi ilikuwa na mwenyewe wa kulipwa, ilhali miafaka, kwa desturi ya sheria ya Marekani, haikuwa na mwenyewe. Kwa hiyo nyimbo kadhaa maarufu za jazi ni majengo mapya juu ya misingi ya watu wengine.

Ajabu ni kwamba Bach alikwisha kufanya jambo linalokaribiana na hilo kwa kalamu. Katika Goldberg, kazi yake iliyochapishwa mwaka 1741, panatangulia wimbo wa vipimo 32, kisha tofauti 30, yaani namna mpya za kuujenga wimbo huo, ambazo haziifuati melodi yake bali msingi wake wa besi na miafaka. Mfanano huu usivutwe kupita kiasi, kwani namba 32 inazaliwa kwa urahisi penye vipande vya vipimo vinane, na Bach aliandika kila nota; lakini msikilizaji anayetafuta melodi irudi katika tofauti hizo atapata tabu ile ile anayoipata kwa Hawkins.

Wapo waliotafuta jibu katika ubongo. Mwaka 2008 Charles Limb na Allen Braun waliwachunguza wapiga piano sita wa jazi wakibuni ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakaona shughuli ikipungua katika maeneo yanayohusishwa na kujisimamia na kujikosoa. Jambo hilo linavutia, ila watu sita ni wachache mno kubebeshwa nadharia.

Anayetaka kujaribu mwenyewe aanze na "So What", katika santuri ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya mwaka 1959, Kind of Blue, ambayo miafaka yake imepunguzwa mpaka karibu kuisha. Vipimo 16 vinakaa mahali pamoja, vinane vya daraja vinapanda nusu sauti, yaani hatua moja ndogo ya kinanda, na vinane vya mwisho vinashuka tena. Hesabu ikipotea, subiri pale kila kitu kinapopanda: hicho ni kipimo cha 17. Davis anapiga mizunguko miwili ya namna hiyo, John Coltrane na Cannonball Adderley, wote wa saksafoni, miwili kila mmoja, na Bill Evans, kwenye piano, mmoja.

Hesabu hiyo isipelekwe kwenye "Free Jazz", aliyoirekodi mpiga saksafoni Ornette Coleman mwishoni mwa mwaka 1960 akiwa na makundi mawili ya wapigaji wanne wanne. Huko mzunguko wa miafaka uliondolewa kwa makusudi, na wapigaji wanaongozwa na vifungu vifupi walivyokubaliana na masikio yao, kwa muda wa dakika 37 hivi.