Dawa ya porini si lazima iwe kali zaidi

Ukizunguka soko la Marikiti ukiulizia dawa za miti shamba, hukosi kuambiwa: "Hii ni ya porini, si ya kupandwa." Maana yake, eti iliyopandwa haina nguvu.

Basi tuutazame mwarobaini, unaoaminiwa na karibu kila nyumba Mombasa. Asili yake ni Bara Hindi. Huku uliletwa na watu, na mwingi umepandwa uani. Hakuna anayeukataa kwa hilo.

Ukali wa dawa hutegemea aina ya mmea, umri wake, sehemu iliyochumwa, msimu na ukaushaji. Ni kweli mmea uliopata shida ya maji wakati mwingine huwa mkali zaidi, lakini hata shambani maji hupunguzwa. Majani yaliyoanikwa kivulini hadi yakavunjika mkononi huyashinda ya msituni yaliyofungwa guniani yakiwa mabichi, yakaota ukungu.

Hasara kubwa ya kuchuma porini iko kwenye magome. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia tabaka la ndani la gome. Likibanduliwa kuzunguka shina lote, mizizi hufa njaa, na mti hukauka umesimama. Mwenye biashara mwaka ujao atauza nini? Afadhali mlonge, unaokatwa matawi na kuchipua tena.

Tena porini si pa kuchuma ovyo. Misitu ya Kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda pwani ya Kenya, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ina miiko yake ya ukataji. Na shubiri zote isipokuwa Aloe vera zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini: kuzisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali.