Charlie Whittingham na Kazi ya Kumsubiri Farasi

Udaktari wangu wa mifugo umejikita katika miguu ya farasi wa mbio, na kila ninapoulizwa ni mwalimu gani wa farasi ambaye maisha yake yanafaa kuchunguzwa kwa jicho la kitabibu, humtaja Mmarekani Charlie Whittingham, aliyezaliwa California mwaka 1913 na kufariki mwaka 1999. Alikuwa msaidizi wa Horatio Luro, Mwargentina aliyeshikilia kwamba limau halikamuliwi hadi likauke, yaani farasi asitumikishwe hadi nguvu zimwishie. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimkatizia kazi na kumpeleka Pasifiki akiwa askari wa majini, naye aliporudi alimsaidia tena Luro kabla ya kuwa na zizi lake mwenyewe.

Ili kuelewa subira yake, ni lazima tuutazame mfupa. Katika nchi za kaskazini mwa dunia, farasi wa thorobredi, aina inayofugwa kwa ajili ya mbio, huongezewa mwaka mmoja kila Januari 1, hata kama alizaliwa Mei, kwa hiyo anayeitwa wa miaka miwili huenda bado hajaitimiza. Katika umri huo, ukuaji wa mfupa ulio juu ya goti la mbele huwa haujakamilika, na mfupa mrefu wa chini ya goti unaendelea kujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Mzigo huo ni mwili wa kilo 450 au zaidi unaokwenda kwa zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na katika kila hatua kuna wakati ambapo mguu mmoja tu ndio unaogusa ardhi. Kumweka farasi mchanga bila kumkimbiza kabisa si dawa, ingawa wengi wangependa iwe hivyo, kwa sababu mfupa huimarika kwa kasi ya vipindi vifupi vinavyofuatwa na mapumziko. Kinachouvunja ni kurudia mzigo kabla mfupa haujajikarabati.

Whittingham hakuwa mpinzani wa mbio za farasi wachanga, maana bingwa wake wa kwanza, Porterhouse, alitwaa ubingwa wa Marekani wa farasi wa miaka miwili mwaka 1953. Alichokataa ni kuiacha kalenda imwamulie. Kentucky Derby, mbio mashuhuri za Marekani, ni ya farasi wa miaka mitatu pekee, hukimbiwa mwanzoni mwa Mei kwa umbali wa takriban mita 2,000, na nafasi hairudi tena. Alishindwa huko mwaka 1958 na 1960, kisha akakaa miaka 26 bila kupeleka farasi, uamuzi ambao kwa mwalimu wa hadhi yake ni mgumu kuliko unavyosikika, kwa kuwa wamiliki huitamani Derby kuliko kitu chochote. Mwaka 1986 alirudi na Ferdinand akashinda, yeye akiwa na umri wa miaka 73 na joki (mpanda farasi) wake, Bill Shoemaker, akiwa na 54. Mwaka 1989 alishinda tena kwa Sunday Silence.

Kwangu mimi, ushahidi mzito zaidi uko nje ya Derby. Kati ya farasi wake watatu waliotunukiwa hadhi ya Farasi wa Mwaka nchini Marekani, ni Sunday Silence pekee aliyeipata akiwa na miaka mitatu. Ferdinand aliipata mwaka 1987 akiwa na miaka minne, na Ack Ack mwaka 1971 akiwa na mitano.