Karatasi au kitabu cha kuchaji?

Mama mmoja wa Majengo alinijia karakanani Kibokoni, hapa Mombasa, mwezi uliopita, kikapu mkononi. Akatoa msahafu uliokwisha kuachana na jalada lake, umefungwa kwa kipande cha leso ili kurasa zisimwagike, akauweka mezani kwa mikono miwili.

"Mwanangu, huu ni wa kijana wangu, yuwahifadhi. Utanitengenezea, ama nimnunulie kile kitabu cha kuchaji? Watu waniambia ndicho cha sasa."

Kitabu cha kuchaji. Nimelipenda jina hilo, nami nitalitumia humu. Ni kifaa kilichotengenezwa kwa kusomea vitabu tu, na wengi hapa mjini huita kila cha aina hiyo Kindle, hata kama kimetengenezwa na kampuni nyingine. Wengine hukichanganya na kishikwambi, na huko kuchanganya ndiko kunakowafanya walipie kitu wasichokihitaji.

Mimi ni mjalidi. Kazi yangu ni kushona vitabu vilivyochanika, kubandua gundi iliyokufa na kutia majalada mapya, mwaka wa 22 huu. Hata hivyo kitabu cha kuchaji ninacho, nakisomea kila usiku, na sioni haya kumwambia mteja akanunue hicho badala ya kunipa mimi kazi. Nisichokubali ni kuulizwa swali hili kwa niaba ya nyumba nzima, kana kwamba nyumba ina jicho moja na kitabu kimoja. Nyumbani kwa yule mama mlikuwa na majibu mawili, na yote mawili nilimpa siku ile ile.

Kwanza kijana. Msahafu wake ulikuwa wa chapa ya Madina, ule wa kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa, na kila ukurasa unakomea mwisho wa aya. Anayehifadhi hashiki maneno peke yake, hushika na mahali. Hujua kwamba aya ile iko juu, mstari wa pili, na nyingine iko karibu na pembe ya chini. Akikwama mbele ya mwalimu wake chuoni, utayaona macho yake yakipanda kuutafuta ukurasa kichwani. Niliufungua ule msahafu nikakuta alama za penseli, nyembamba kama unywele, kila pale alipokuwa akikosea. Pembe za chini za kurasa zilikuwa zimeiva rangi ya chai kwa kufunuliwa na kidole kile kile. Kuanzia juzuu ya 13 kurasa zilikuwa safi, hazina alama wala rangi, ndipo nikajua kijana amefika wapi.

Sasa yatie maneno yayo hayo kwenye kitabu cha kuchaji, kisha kuza herufi kidogo tu. Maandishi yote hujipanga upya: aya iliyokuwa juu inashuka, iliyokuwa ukurasa huu inahamia ule. Ramani aliyoijenga kichwani kwa miaka miwili inavurugika. Ukimtilia picha za kurasa zenyewe, yaani PDF, mpangilio utabaki, lakini kwenye kioo cha inchi 6 irabu zitaonekana kama vumbi. Nikamwambia mama: huu tutaushona.

Nilipokuwa namwandikia risiti ndipo akanitajia baba yake, mwalimu mstaafu anayeishi nao. Ametolewa mtoto wa jicho upande mmoja, upande wa pili bado anangojea. "Ashika kitabu dakika tano, kisha akiweka chini asema herufi zimekuwa sisimizi."

Hapo sikusita. Kwa mzee huyo kitabu cha kuchaji si anasa, ni njia ya kumrudishia alichonyang'anywa. Herufi atazikuza mpaka mistari iwe sita au saba kwa ukurasa, na kifaa chenyewe kina uzito wa gramu 200 hivi, ilhali baadhi ya vitabu ninavyojalidi vinapita kilo. Watu hawaufikirii uzito mpaka viganja vyao viingie baridi yabisi.

Tena wengi hudhani kioo chake ni kama cha simu. Sivyo kabisa. Kioo cha simu ni taa, kinakurushia mwanga machoni. Ndani ya kioo cha kitabu cha kuchaji mna vifuko vidogo mno, mamilioni, kila kimoja kikiwa na upana wa unywele hivi. Ndani ya kila kifuko mna punje nyeupe na punje nyeusi zinazoelea kwenye majimaji maangavu. Nyeupe zina chaji chanya, nyeusi zina chaji hasi. Umeme ukibadilishwa chini ya kifuko, punje za rangi moja hupanda juu na za rangi ya pili huzama, na doa lile la ukurasa huwa jeupe au jeusi. Zikishafika zilipotakiwa hukaa hapo hapo bila kula umeme wowote. Kinachokula betri ni kufunua ukurasa, pamoja na taa na intaneti, ndiyo maana chaji hudumu wiki kadhaa. Stima ikipotea usiku kucha, mzee anaendelea kusoma. Akikaa barazani jua limepanda, mahali ambapo simu haionekani kitu, wino huo wa punje unazidi kukolea kama wino wa karatasi.

Kwa anayetafuta cha mtumba, umri wa kifaa una maana kubwa. Wino huu ulianzia chuo kikuu cha MIT, Marekani, na kampuni ya E Ink ikaanzishwa mwaka 1997. Sony waliuza kifaa chao cha kwanza cha wino huo Japani mwaka 2004, na Kindle ya kwanza ikatoka Novemba 2007. Lakini Kindle yenye taa yake yenyewe haikuja mpaka Paperwhite ya mwaka 2012. Taa hiyo imewekwa pembeni na humulika ukurasa, haimuliki jicho. Mzee mwenye mtoto wa jicho asiuziwe kifaa kisicho na taa, hata kiwe rahisi namna gani.

Ubaya wake nao niuseme wazi. Vingi vya vifaa hivi, chini ya ule wino mna kioo chembamba sana. Kikitiwa kwenye mkoba, mkoba ukabanwa ndani ya matatu au kwenye msongamano wa feri ya Likoni, kinapasuka kwa ndani hata kama juu hakuna alama, na nusu ya ukurasa inaganda. Kubadilisha kioo hicho hugharimu karibu sawa na kununua kipya. Kwa hivyo kifuniko kigumu kinunue siku ile ile ya kwanza. Joto nalo ni adui wa betri za lithiamu. Changu cha kwanza nilikiacha ndani ya gari Nyali, mchana wa Machi, vioo vimefungwa. Niliporudi kilikuwa kimezimika, na baada ya siku chache mgongo wake ukainuka kwa betri kuvimba. Nilikuwa na vitabu zaidi ya 60 humo. Vile nilivyovinunua nilivipata tena kwenye kifaa kipya, lakini maandishi yangu ya pembeni, ambayo sikuwa nimeyahifadhi mahali pengine, yalikwenda.

Mama nilimtahadharisha na jambo moja zaidi. Vitabu vya Kiswahili ambavyo mwalimu angevitaka, diwani na tenzi na riwaya za ujana wake, vingi havipatikani kwa njia hiyo. Vinavyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mara nyingi ni kurasa zilizopigwa picha. Mwandishi hapati hata senti, na herufi za picha hazijipangi upya ukizikuza, inabidi uusukume ukurasa huku na huku kwa kidole kila mstari. Faili la kutafuta ni EPUB, ambalo herufi zake hujipanga upya, au lile linalouzwa na duka la kifaa chenyewe. Anayesoma PDF nyingi za ofisini au za chuo kikuu, huyo ndiye anunue kishikwambi kikubwa.

Turudi kwenye karatasi, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotea bila wao kujua.

Ukiwa dukani, kabla ya kusoma jalada, kishike kitabu ukitazame kwa juu, kwenye kichwa cha mgongo. Ukiona mafungu madogo yaliyokunjwa, yamepangwa moja baada ya jingine kama mabua, hicho huenda kimeshonwa. Kifungue katikati ya fungu moja uutafute uzi kwenye mkunjo. Ukiuona, kinunue kwa moyo mkunjufu. Lakini ukiona mgongo umenyooka kama kitabu cha risiti, kurasa mojamoja zimezama kwenye gundi, ujue mikunjo yote imekatwa na kinachozishika kurasa ni gundi ya moto peke yake. Gundi ile huja laini. Kwa joto letu na miaka kadhaa ya kufunguliwa hukauka, ikapata ufa katikati, kurasa zikaanza kutoka moja moja. Vitabu vya shule hunijia hivyo kila mwaka kabla ya mitihani, vimefungwa mpira.

Tofauti kwangu mimi fundi ni hii. Kilichoshonwa, hata uzi ukioza, mikunjo ipo: nafungua, nasafisha, natia uzi mpya, kitabu kinarudi ujanani. Kilichokatwa mgongo hakina pa kupitisha sindano. Nitakitoboa ubavuni na kukishona kwa nguvu, kitakaa, lakini hakitalala wazi mezani tena na maneno ya karibu na mgongo yatamezwa. Ule msahafu wa kijana ulikuwa umeshonwa. Kilichokufa kilikuwa kitambaa cha mgongo na gundi ya jalada tu.

Karatasi yenyewe pia itazame. Ile ya kijivujivu, nyepesi kama ya gazeti, imetengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na kile kinachoushikanisha mti, kiitwacho lignini. Mwanga na hewa huigeuza ikawa ya manjano, na asidi huikausha mpaka ivunjike ukiikunja. Baadhi ya vitabu huwa na alama ya nane iliyolala ndani ya duara, kwenye ukurasa wa haki za uchapishaji. Hiyo ni karatasi iliyotengenezwa ili idumu.

Halafu kuna hewa ya Mombasa. Kuvu huanza kuota unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 au 70, na huku kwetu miezi ya masika haushuki hapo. Kabati usiliegemeze kwenye ukuta wa nje, hasa nyumba zetu za mawe ya matumbawe ambazo kuta zake hunyonya maji na kuyatoa polepole. Acha nafasi ya kiganja nyuma, na vitabu visibanane. Usivifunge ndani ya nailoni, huko ni kuvipikia kuvu. Kaskazi ikivuma, fungua milango ya kabati. Wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaokimbia ukiwasha taa hawakutafuti wewe, watafuta kanji iliyomo kwenye gundi ya jalada, nao hupenda pale pasipopita mkono wa mtu. Na kitabu kikilowa, tafadhali usikianike juani, kurasa zitajikunja na kugandana. Kifunge kwa karatasi safi, ukiweke kwenye friza siku hiyo hiyo, kisha uniletee au umpelekee mjalidi yeyote. Baridi huisimamisha kuvu mpaka tupate nafasi ya kukikausha taratibu.

Yote haya ni kazi, na kitabu cha kuchaji hakikudai kazi hiyo. Lakini kuna swali ambalo kwangu linazidi unyevu na gundi: kitabu hiki kitakuwa cha nani baada yako?

Unapolipia kitabu kwenye kifaa, mara nyingi umenunua ruhusa ya kukisoma. Julai 2009 Amazon, kampuni ya Kindle, ilifuta, kwa mbali, vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa na baadaye kampuni ikaomba radhi. Mwaka 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu, na vitabu vikatoweka kwa wanunuzi wote, nao pia wakarudishiwa fedha. Sisi watu wa pwani tuna desturi ya kuandika neno wakfu kwenye ukurasa wa kwanza, kitabu kikawa cha msikiti au cha wanafunzi mpaka karatasi ziishe. Maandishi ya msikiti wa Riyadha, Lamu, mengine yana maneno hayo. Yalipigwa picha chini ya mradi wa British Library wa kuhifadhi maandishi yaliyo hatarini, nami nafurahi sana, kwa sababu picha husafiri mahali ambapo karatasi haifai kusafirishwa. Lakini ruhusa ya kusoma huwezi kuiweka wakfu.

Kwa hivyo riwaya nitakayoisoma mara moja, gazeti, kitabu cha safari, hivyo naviweka kwenye kifaa bila majuto. Kamusi ya nyumbani, diwani, msahafu, kitabu ambacho marehemu bibi aliandika jina lake ndani, hivyo vitafutie karatasi iliyoshonwa na kabati lenye hewa.

Mama alirudi Jumamosi. Mzee amekwisha kupata chake, kimenunuliwa na mjukuu aliyeko Nairobi, na kazi ya kwanza aliyowapa ni kumwonyesha jinsi ya kuzikuza herufi zaidi. Msahafu niliutia mgongo mpya wa kitambaa cha kijani, nikausafisha vumbi kwa brashi ukurasa kwa ukurasa. Kwa kawaida mimi huzifuta alama za penseli. Safari hii kifutio nilikiweka kando, kwa sababu kijana yuko juzuu ya 12 na zile alama bado ana kazi nazo.