Midrashi na peshati: njia mbili za Wayahudi za kufasiri Torati

Midrashi ni ufasiri wa kale wa Kiyahudi unaoyahoji Maandiko: mbona neno hili limerudiwa, mbona lile limeachwa, aya hii inahusianaje na ile? Msingi wake ni imani kwamba Torati haina neno la bure.

Chukua katazo la kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye. Limo mara tatu, mbili katika Kutoka na moja katika Kumbukumbu la Torati. Wewe na mimi tungesema ni msisitizo tu. Marabi, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi, walikataa. Katazo moja, walisema, ni la kupika nyama pamoja na maziwa, jingine la kula, na jingine la kujinufaisha na mchanganyiko huo kwa namna yoyote. Nyumba ya Kiyahudi inayotenga vyombo vya nyama na vya maziwa inafuata sheria iliyojengwa juu ya usomaji huo. Vivyo hivyo “jicho kwa jicho” katika Talmudi, mkusanyiko wa mijadala na mafundisho ya marabi, ikawa fidia ya fedha.

Hata hivyo, si kwamba kila mtu alijisomea apendavyo. Hillel, mwalimu wa kale wa Kiyahudi, anatajwa kuwa na kanuni saba za ufasiri. Kwa Rabi Ishmael, karne ya 2, zimefika 13.

Peshati ni maana ya aya kwa lugha yake na muktadha wake. Talmudi yenyewe ilishasema kuwa aya haitoki katika maana yake ya wazi, lakini njia hii ilishika kasi karne ya 10, katika nchi za Waislamu. Wayahudi waliojifunza sarufi ya Kiarabu wakaanza kuichambua sarufi ya Kiebrania kwa utaratibu. Huko Baghdad, Saadia Gaon, mzaliwa wa Misri, alishindana na Wakaraimu, Wayahudi waliokataa mapokeo ya marabi, na Torati akaitafsiri kwa Kiarabu.

Kaskazini mwa Ufaransa, mfasiri Rashi wa Troyes (1040–1105) alichanganya njia zote mbili. Mjukuu wake, Rashbam, hakuridhika. Ameandika kuwa babu yake alimkubalia kwamba, kama angepata nafasi, angeandika fafanuzi nyingine zenye kufuata peshati.

Huyu mjukuu ndiye jasiri kuliko wote, kwa maoni yangu. “Ikawa jioni ikawa asubuhi” ya Mwanzo 1 aliisoma kuwa siku huanza asubuhi, ilhali Sabato huanza Ijumaa jioni! Sabato yake hakuibadilisha: kwake sheria ilikaa kwenye midrashi, na usomaji wa aya ukabaki na njia yake.

Wengine hawakuvumilia. Mwaka 1158, akiwa Uingereza, Abraham ibn Ezra, naye bingwa wa sarufi na peshati, aliandika waraka mzima kupinga usomaji wa namna hiyo, akamlaani atakayenakili usomaji huo: mkono wake unyauke.